Geuza picha uangalie imechorwa juu ya nini

Tulipokuwa watoto Moshi, mjomba wangu alikuwa anavuta sigara na sisi tunamvizia pakiti iishe. Sigara zenyewe hatukuwa na habari nazo, tulichokuwa tunataka ni ile karatasi ya ndani inayong'aa kama fedha, tunainyoosha kwa kucha taratibu isichanike halafu tunaviringisha pete, bangili, wengine wanabandika kwenye meno. Sasa miaka zaidi ya ishirini imepita, niko Seoul, mwishoni mwa 2022, kwenye chumba chenye taa hafifu, nimeinama juu ya kioo na ndani ya kioo kuna karatasi ileile. Ya pakiti ya sigara kabisa. Mikunjo inaonekana, kona moja imeliwa, ukubwa wake umezidi kiganja kidogo tu, na juu yake kuna watoto uchi wamefungamana na samaki na kaa, mikono na miguu imepitana mpaka hujui upi ni wa nani. Nilikaa pale muda mrefu kiasi kwamba mlinzi alianza kuniangalia.

Nilikuwa Korea kwa masomo, mambo ya maji na umwagiliaji, wala sio sanaa. Huku kwetu Korea tunaijua kwa tamthilia, kwa kundi la muziki la BTS, kwa simu na majokofu, na mimi pia nilikwenda na hiyohiyo. Ila Jumamosi moja baridi ilinikimbiza ndani ya makumbusho na tangu siku hiyo karibu kila Jumamosi nikawa huko, nasoma maelezo ukutani, nikirudi chumbani natafuta zaidi kwenye simu. Na kitu nilichokuja kukiona, ambacho ndicho kinanifanya niandike haya yote, ni kwamba ukitaka kuielewa sanaa ya Korea ya miaka mia na ushee iliyopita usianze kwa kuuliza hii ni picha ya nini. Uliza imechorwa juu ya nini. Historia yao nzima iko hapo, kwenye kile kitu ambacho mtu alikipata mkononi siku ile.

Huyo wa karatasi ya sigara anaitwa Lee Jung-seob. Alizaliwa 1916 upande ambao leo ni Korea Kaskazini, akasomea sanaa Japani wakati nchi yake iko chini ya Wajapani, akampenda binti wa Kijapani, Yamamoto Masako, na mwaka 1945 vita vikielekea mwisho binti akavuka bahari akamfuata, wakaoana mji wa Wonsan, hukohuko kaskazini. Vita vya Korea vikaanza 1950. Desemba mwaka huo Lee, mke na watoto wawili wa kiume wakapanda meli ya wakimbizi kwenda Busan, kusini, mama yake mzazi akabaki nyuma na michoro yake akamwachia huyo mama, na hakumwona tena, wala michoro. Mwaka 1951 wakawa kisiwani Jeju, mji wa Seogwipo, watu wanne kwenye chumba kisichofika mita 5 za mraba. Walikuwa wanaokota kaa ufukweni wanakula. Ndio maana kaa wamejaa kwenye picha zake, inasemekana alikuwa anawachora kwa kuwaonea huruma kwa jinsi walivyowala wengi. Na ukiangalia kwa makini unaona kweli wale kaa hawajachorwa kama chakula, wanacheza na watoto, mmoja ameng'ang'ania kidole cha mguu wa mtoto na mtoto anacheka.

Turubai hana, karatasi nzuri hana, hela hana. Akachukua karatasi ya sigara, akaikwaruza kwa kitu chenye ncha bila kuitoboa, mistari ikaingia ndani kama mifereji, halafu akapaka rangi ya kahawia juu yake yote na kuifuta kabla haijakauka, ile rangi ikabaki kwenye mifereji tu. Wenye kujua wanasema ni ujuzi wa mababu zake, wafinyanzi wa zamani wa Korea ambao walikuwa wanachonga chungu na kujaza udongo wa rangi nyingine kwenye mchongo. Kwa hiyo mtu ana njaa, ni mkimbizi, ameshika taka mkononi, na kichwani ana ufundi wa miaka mia nane. Alitengeneza karibu 300 za namna hiyo.

Mwaka 1952 hali ikawa mbaya zaidi, mke na watoto wakarudi Japani kwa kina mke. Yeye hakuweza kuwafuata kwa sababu nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kibalozi, ulikuja kurudi 1965, na yeye hakufika huko. Aliwaona mara moja tu, 1953, kama wiki moja. Kilichobaki ni barua. Jamani hizo barua. Barua nyingi zina mchoro pembeni, na kwa sababu watoto ni wawili alikuwa anachora picha moja mara mbili, kila mtoto apate ya kwake wasigombane. Kuna moja ya mkokoteni wa ng'ombe, mama na watoto wamekaa juu wanarusha maua, baba yuko mbele anamwongoza ng'ombe, wanakwenda kusini kwenye nchi ya joto. Januari 1955 akafanya maonyesho Seoul akitegemea auze apate nauli, picha zikachukuliwa ila hela nyingi hazikulipwa. Septemba 6, 1956 akafariki hospitalini peke yake, ana miaka 40, na maiti ikakaa siku kadhaa bila mwenyewe. Mwaka huohuo karatasi zake 3 za sigara ziliingia Museum of Modern Art kule New York, alizinunua Mmarekani mmoja, Arthur McTaggart, akazitoa zawadi. Masako hakuolewa tena. Alifariki Agosti 2022 akiwa amepita miaka 100, mwezi uleule maonyesho niliyoyaona yalipofunguliwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana nimeanzia katikati.

Mkorea wa kwanza kusomea rangi za mafuta ni Ko Hui-dong, alikwenda shule ya sanaa Tokyo 1909, mwaka mmoja kabla Japani haijaimeza Korea rasmi, akamaliza 1915. Aliporudi akawa anabeba sanduku lake la rangi kwenda kuchora nje ya mji na watu wakadhani ni muuza peremende au muuza sigara, na zile rangi zikitoka kwenye tyubu wakasema ni mavi ya kuku. Kuna picha yake aliyojichora mwenyewe 1915, joto limembana, amefungua kifua, ameshika upepeo, nyuma yake vitabu. Naipenda picha hiyo kwa sababu mtu wa heshima wa enzi zile hakuwa anachorwa kifua wazi. Lakini baada ya miaka kama kumi aliacha mafuta akarudi kwenye wino na karatasi za wazee wake. Rangi ilikuwa ya kuja, na aliyeileta alikuwa mtawala. Hata maonyesho makubwa ya kila mwaka yaliyoanza 1922 yaliendeshwa na serikali ya kikoloni, majaji wengi Wajapani, na walichopenda kukiona ni Korea ya mashambani, tulivu, iliyolala. Ukitaka tuzo unajua uchore nini. Na kwa wanawake ndio kabisa: Na Hye-sok, mwanamke wa kwanza wa Korea kuchora kwa mafuta, aliyefungwa kwa harakati za uhuru za 1919 na kuzunguka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1920, aliandika hadharani habari za talaka yake mwaka 1934 na jamii ikamgeuzia mgongo, akafa 1948 hospitalini bila ndugu pembeni. Kila nikifika kwenye jina lake nasimama.

Halafu kuna Park Soo-keun, huyu nadhani wasomaji wa huku wangempenda haraka kuliko wote. Alizaliwa 1914, baba yake akafilisika, akaishia shule ya msingi, uchoraji akajifundisha mwenyewe. Wakati wa vita alipata kibarua kwenye duka la jeshi la Marekani pale Seoul, askari analeta picha ya mke wake au mchumba, Park anamchora sura yake kwenye kitambaa cha hariri. Sura za wanawake wa watu kutwa nzima. Kwa hela hiyo akanunua kinyumba, na humo, kwenye ubao wa baraza, akawa anachora ya kwake. Alikuwa anatumia sana hadibodi, anapaka rangi ya mafuta inakauka, anapaka tena, anakwangua kwa kisu, anapaka tena, mpaka uso wa picha unakuwa kama jiwe, kweli kama lile jiwe la kijivu la milima yao, na ndani ya jiwe hilo watu wake wamekaa kama wamechongwa. Wanawake wamebeba mizigo kichwani. Binti ana mtoto mgongoni na yeye mwenyewe bado ni mtoto. Miti haina jani hata moja. Wanaume hawaonekani sana, na ukikumbuka kwamba vita ndio vimetoka kuisha unajua walipo. Huyo binti mwenye mtoto mgongoni nilimwangalia nikamwona dada yangu. (Na Edward Tingatinga wetu, akianza pale Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, naye alianzia kwenye silingibodi na rangi za dukani. Mtu anaanza na kilichopo.) Park alifariki 1965 bila kuwa tajiri, na mwaka 2007 picha yake ya wanawake wanafua mtoni iliuzwa mnadani kwa woni bilioni 4.52.

Kim Whanki nitampitia haraka ingawa Wakorea wengi watanilaumu, maana ndiye mwenye bei kubwa kuliko wote, picha yake ya duara za nukta za buluu ya 1971 iliuzwa Hong Kong mwaka 2019 kwa woni zaidi ya bilioni 13. Ni mtoto wa kisiwani, kusini kabisa, alikwenda Paris, akarudi, 1963 akahamia New York na kuanza upya akiwa na miaka 50. Kule akawa anaweka nukta kwenye kitambaa cha pamba kisichopakwa kitu, rangi nyepesi kama maji inanywewa na kitambaa, anaizungushia mstari, na mwingine, halafu nukta inayofuata, maelfu kwa maelfu. Ukiwa mbali unaona bahari ya usiku. Ukisogea unaona mtu mmoja amekaa anahesabu watu aliowaacha nyumbani. Ile ya 1970 jina lake limetoka kwenye shairi la rafiki yake, linauliza tutakutana tena wapi na tukiwa nani. Alifia hukohuko New York 1974.

Mkwe wake, aliyemwoa binti yake, anaitwa Yun Hyong-keun, na hapa ndipo nilipoacha kuwa mtalii.

Mara ya kwanza kuona picha za Yun nilipita. Weusi mtupu. Nguzo mbili tatu nyeusi kwenye kitambaa cha rangi ya kitani, pembeni zimechuja kidogo kama wino kwenye gazeti lililolowa. Nikasema sawa, hii sio yangu. Baadaye nikasoma maisha yake, na Jumamosi iliyofuata nilirudi nikakaa kwenye benchi mbele ya picha hiyohiyo. Alizaliwa 1928. Vita vilipoanza 1950 alikusanywa na wengine wakapelekwa kuuawa kwa kudhaniwa ni wakomunisti, akaponea chupuchupu. Mwaka 1956 akafungwa tena. Mwaka 1973 akiwa mwalimu wa sekondari ya wasichana alihoji kwa nini mwanafunzi mmoja ameingizwa kwa mlango wa nyuma, na nyuma ya mwanafunzi huyo kulikuwa na wakubwa wa usalama wa taifa, basi akafungwa tena. Alipotoka, kazi hakuna na anafuatiliwa miaka. Ndipo rangi zote zikaisha kwenye picha zake. Akabaki na mbili, buluu nzito na kahawia ya udongo, anazichanganya na tapentaini nyingi anapaka, anaacha inywe, anapaka tena juu, mpaka buluu na kahawia zinakuwa ule weusi. Buluu ni mbingu, kahawia ni ardhi, mwenyewe alikuwa anaita lango la mbingu na ardhi. Kwa hiyo ule sio weusi wa kopo. Ukikaa nao dakika kumi unaanza kuona buluu inatoka pembeni. RM wa BTS anampenda huyu mzee na hafichi, na kama mashabiki wake wengi wamefika kwa Yun kwa njia hiyo mimi nafurahi tu, njia ni njia.

Yun anawekwa kwenye kundi linaloitwa dansaekhwa, maana yake tu ni mchoro wa rangi moja, na jina lenyewe lilishika baadaye sana kuliko kazi. Mwaka 1975 galari moja Tokyo ilionyesha Wakorea watano na weupe wao wa aina tano, na hapo nje wakaanza kutambuliwa. Park Seo-bo alikuwa mmoja wao, alianza baada ya kumwona mtoto wake mdogo anajaribu kuandika herufi ndani ya vibox vya daftari, herufi zinatoka nje, anafuta, anaandika, anafuta, mpaka kwa hasira anachorachora ukurasa wote. Baba akachukua ile hali ya kukata tamaa ndio ikawa mwendo wake wa maisha, mistari ya penseli kwenye rangi mbichi, tena na tena, kwa zaidi ya miaka 50 mpaka alipofariki 2023.

Lakini aliyenishika mimi ni Ha Chong-hyun, kwa sababu ya gunia. Mama yangu ameuza mahindi sokoni Mbuyuni tangu sijazaliwa na mji wetu una kiwanda cha magunia ya katani, kwa hiyo gunia mimi nalijua kwa harufu. Ha alizaliwa 1935. Baada ya vita nchi ilikuwa inakula nafaka za msaada kutoka Marekani na nafaka hizo zilikuja kwenye magunia, magunia yalikuwa kila mahali wakati turubai ni anasa. Kuanzia 1974 akawa anafanya hivi: anatandaza gunia kwenye fremu, anaweka rangi nzito kwa NYUMA, halafu anasukuma kwa ubao kwa nguvu zake zote mpaka rangi inapenya kwenye matundu ya nyuzi na kutokea mbele, punje kwa punje, kama jasho. Baadaye anahamia mbele anazilaza zile punje au anaziacha. Nimesogea karibu mpaka pua inataka kugusa. Kila punje ina shingo yake mahali ilipobanwa na uzi. Huoni brashi imepita popote, unaona tu kitu kilisukumwa na kikapita.

Jioni ile nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula, na leo nimeona mtu amechora kwenye gunia na picha iko makumbusho ya taifa. Akanyamaza kidogo.

"Gunia la nini, la mahindi?"

"La zamani mama, la nyuzi, sio hivi viroba. Anapaka rangi kwa nyuma anaisukuma inatokea mbele."

"Aa. Kama unga."

"Unga?"

"Ukijaza unga kwenye gunia la katani ukaliegemea, unatoka nje kwenye vitundu, vipunje vipunje. Huyo mtu amewahi kubeba gunia huyo."

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu Ha Chong-hyun na sijaona lililonitosha kama hilo.

Sasa hawa watu wa rangi moja walilaumiwa, na lawama hiyo lazima niiseme. Miaka ya 1970 Korea ilikuwa chini ya Park Chung-hee, mwaka 1972 akabadilisha katiba ajipe madaraka bila ukomo, watu wanafungwa, na wachoraji wakubwa wanachora weupe. Vijana waliofuata waliuliza, nyie mlikuwa mnanyamazia nini? Mimi naona sio kila ukimya ni mmoja. Ukimya wa Yun ni wa mtu aliyeshaongea akafungwa. Lakini swali lao lilikuwa la haki, na majibu yao walikuja nayo kwenye mbao na vitambaa.

Mei 1980 jeshi liliua raia Gwangju, mji uliokuwa umesimama kudai demokrasia. Hong Sung-dam alikuwepo ndani ya mji akiwa upande wa wananchi, na baada ya pale akaanza kuchonga chapa za mbao, mfululizo mzima wa siku zile, watu wanagawana chakula, watu wanabeba majeneza. Kwa nini mbao? Kwa sababu ukichonga mara moja unapiga nakala mia, karatasi ni rahisi, unaificha chini ya shati, inafika kijijini ambako gazeti haliruhusiwi kusema. Sanaa hii wakaiita minjung, yaani ya wananchi wa kawaida. Halafu kuna Choi Byung-soo, fundi seremala. Mwaka 1986 alikwenda kuwasaidia rafiki zake waliokuwa wanachora ukutani, yeye kazi yake ngazi tu, akachora na maua kidogo, polisi wakawakamata wote. Kwenye fomu anaulizwa kazi, anasema seremala, na polisi wanaandika mchoraji kwa sababu kesi ya kuchora inataka mchoraji. Akasema basi, akawa mchoraji. Juni 1987 mwanafunzi Lee Han-yeol akapigwa kichwani na kopo la bomu la machozi mbele ya chuo cha Yonsei, picha ya mwenzake amemshikilia asianguke ikazunguka dunia, na Choi akaichonga kwenye mbao, watu wakaivaa kifuani, halafu akaipaka kwenye kitambaa kikubwa cha urefu wa mita 10 kikaning'inizwa kwenye jengo la chuo. Lee Han-yeol alifariki Julai 5. Mwisho wa Juni serikali ilikuwa imeshakubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja.

Sio wote waliachwa. Picha ya Shin Hak-chul ya kupanda mpunga ya 1987 ilikamatwa 1989 kwa sheria ya usalama wa taifa, eti sehemu ya juu yenye furaha ni Kaskazini, na mahakama kuu kabisa ikamtia hatiani 1999, miaka zaidi ya kumi baada ya demokrasia kurudi. Kamati ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema 2004 kwamba haki yake imevunjwa.

Na hapa kuna kitu ambacho hakuna mtu aliniambia nilipokuwa naingia mle kila Jumamosi na maji yangu ya chupa. Lile jengo la matofali mekundu la makumbusho ya taifa ya sanaa ya Seoul, lililofunguliwa 2013, lilikuwa makao ya usalama wa jeshi. Jenerali Chun Doo-hwan alikuwa mkuu wa idara hiyo alipopindua Desemba 1979, miezi michache kabla ya Gwangju. Leo unanunua kahawa pale.

Nje ya mji, Gwacheon, kuna tawi jingine la makumbusho hayo, na katikati yake kuna mnara wa televisheni wa Nam June Paik. Paik aliondoka Korea 1950 na familia yake, akasomea muziki Japani kisha Ujerumani, na 1963 mji wa Wuppertal akaonyesha televisheni 13 alizozichezea ndani zitoe mistari badala ya habari. Watu wanasema sanaa ya video imeanzia hapo. Alirudi kwao 1984, miaka 34 baadaye. Mnara wenyewe ni wa 1988, mwaka wa Olimpiki ya Seoul, urefu mita 18.5, televisheni 1,003 kwa ajili ya Oktoba 3, siku ambayo Wakorea wanasherehekea kuanzishwa kwa taifa lao. Zote TV za chogo. Ukizunguka ngazi ya duara unaupanda mnara macho hayajui yatue wapi. Lakini TV za chogo zinakufa, na viwanda vimeacha kuzitengeneza, 2018 mnara ukazimwa kwa usalama. Mafundi wakakaa nao miaka. Ulipowashwa tena Septemba 2022 walikuwa wameokoa 737 kwa kutengeneza na kutafuta za mtumba, na 266 za juu wakaweka skrini bapa. Nilipofika nilitafuta mahali chogo zinapoishia na bapa zinapoanzia na nikaona, mwanga wa bapa umekaa kimya zaidi. Wapo wanaosema ni kumsaliti Paik. Mimi nilimwaza fundi wa mtaani kwetu aliyekuwa anafungua TV tatu mbovu apate moja nzima, na moyo wangu uko na mafundi.

Baada ya Paik wamekuja wengi na dunia inawajua. Lee Bul alipeleka samaki halisi waliopambwa shanga New York 1997, wakaoza, harufu ikajaa na makumbusho wakawatoa. Do Ho Suh anashona nyumba nzima za kitambaa chembamba, nyumba ya utotoni kwao, mpaka swichi ya taa imeshonwa, unakunja unasafiri nayo. Kimsooja anafunga mafurushi, furushi hasa, shuka la rangi limefungwa fundo na nguo za watu ndani, 1997 alipanda juu ya mzigo wa mafurushi kwenye lori akazunguka Korea siku 11, kilomita 2,727. Huyo pia alisimama wima bila kutikisika katikati ya umati wa miji mingi huku kamera inamwona mgongo, na kati ya miji hiyo ni Cairo, Lagos na baadaye N'Djamena. Tokyo wanampita kama hayupo. Lagos wanasimama wanamwangalia.

Nimemwacha mwisho Chun Kyung-ja kwa makusudi.

Alizaliwa 1924 kusini, akasoma Tokyo, na yeye alichora kwa rangi za unga zilizochanganywa na gundi, tabaka juu ya tabaka. Baada ya uhuru 1945 rangi za namna hiyo zilionekana ni za Kijapani, watu wazima wenye msimamo walichora kwa wino mweusi. Yeye akakataa kuziacha. Mwaka 1951 akachora nyoka 35 wamejiviringisha pamoja, mwanamke, wakati wa vita, na watu wakapanga foleni kuwaona. Mwaka 1991 makumbusho ya taifa ilitoa nakala za picha ya mwanamke mrembo ikasema ni yake, na yeye akasema hii sikuchora mimi. Wataalamu wakasema umechora wewe. Akashikilia, wakashikilia, akatangaza hachori tena, na 1998 akawapa watu wa Seoul kazi zake 93 akahamia Marekani, akafariki 2015. Mwaka 2016 waendesha mashtaka walisema picha ni halisi. Mimi sina utaalamu wa kupima rangi, ila mama kuambiwa hamjui mtoto wake mwenyewe, hilo halijawahi kuniingia.

Kazi zake hizo zina chumba chao kwenye makumbusho ya jiji la Seoul. Niliingia Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani, na nikakuta ukutani tembo, simba, pundamilia, nyasi za mbuga, mwanamke uchi amejikunja juu ya mgongo wa tembo ameficha uso, na nyuma yao wote mlima. Chun alisafiri Afrika 1974, akiwa karibu na miaka 50, na picha hii aliimaliza 1976, akaiita ukurasa wa 49 wa hadithi yake ya huzuni. Sikuhitaji kusoma maelezo. Mlima ule nimeamka nao miaka kumi na nane.

Bibi mmoja wa Kikorea aliniona nimeshika mdomo, akaniuliza natoka wapi. Nikanyoosha kidole kwenye picha, nikamwambia hapo chini. Alidhani hajanisikia. Nikarudia. Akaniangalia mimi, akaangalia mlima, akanishika mkono na tukasimama hivyo, hatukuongea, Kikorea changu kilikuwa kimeisha.

Dukani chini nikanunua postikadi yake, nikaipiga picha nikamtumia mama. Akajibu kwa sauti, nyuma yake soko linasikika. "Huu mlima wetu," akasema. "Ila aliuchora zamani huyo. Angalia theluji ilivyo."